Nimemaliza uzamivu, narudi kufundisha kidato cha kwanza: nianzie wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji wa Kigoma. Nilifundisha miaka kumi na mmoja, nikaenda masomoni, na mwaka huu nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu katika elimu. Januari naripoti kituo kilekile. Mkuu wa shule wa sasa nilimpokea mimi alipokuja akiwa mwalimu mgeni. Wenzangu wameanza kuniita "Dokta" kwa sauti ambayo naielewa. Baba mkwe ameniuliza mbele ya watu kama nimesoma miaka yote hiyo ili nirudi kushika chaki. Naomba uniambie ukweli. Nimepoteza muda? Nitakaaje na wenzangu? Na haya niliyoyasoma nitayafanyia nini mbele ya watoto tisini?

Mwalimu, Kigoma

Jibu

Marahaba, dada yangu, na hongera sana. Naanza na hongera kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na sikuona ndani yake mtu hata mmoja aliyekupongeza. Kutetea tasnifu ni kazi nzito kwa yeyote, na ni nzito zaidi kwa mwanamke mwenye nyumba, wakwe na kijiji kizima kinachojua njia ya kwake. Basi pokea hongera za mzee wa Tabora kabla hatujaingia kwenye mambo yenyewe.

Nami nilipita hapo unapopita. Nilipomaliza uzamivu nilirudi kufundisha Baiolojia katika shule ya kutwa pembeni mwa mji wa Tabora, nikakaa miaka sita, ndipo nikahamishiwa chuo cha ualimu ambako nilimalizia utumishi. Baadhi ya nitakayokuandikia yametoka vitabuni, lakini mengi niliyapata katika miaka ile sita. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko mwaka wowote niliokaa chuo kikuu.

Tuanze na hilo la kupoteza muda. Baba mkwe wako, ninavyomwona, hakuwa na nia mbaya. Alisema kwa sauti kile ambacho karibu kila mtu anakiamini. Kwetu masomo ya mwalimu yamekuwa ngazi ya kumwondoa kwa mtoto. Mwalimu wa cheti akijiendeleza akapata stashahada, macho yake yanahamia sekondari. Wa sekondari akipata shahada ya pili, anaangalia ofisi ya halmashauri, au chuo, au mradi. Kila anayeongeza maarifa anasogea hatua moja mbali na dawati. Mtoto wa kidato cha kwanza ndiye anayehitaji mwalimu hodari kuliko wote, maana ametoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili na sasa masomo karibu yote anapewa kwa Kiingereza. Huyo huyo ndiye anayeachiwa mwalimu ambaye bado hajapata nafasi ya kuondoka. Ukikulia katika mpangilio huo, kurudi darasani lazima kuonekane kama kushuka. Hospitalini hatufikiri hivyo. Daktari bingwa akitoka masomoni tunamtaka kitandani kwa mgonjwa, na tukimkuta ofisini anasaini karatasi tunanung'unika.

Hapa Tabora tuna mfano ambao watu huutaja bila kuufikiria sana. Julius Nyerere alifundisha St. Mary's, hapa hapa mjini, kuanzia mwaka 1946. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi na shahada yake mwaka 1952, wakati Watanganyika wenye elimu ya namna hiyo walikuwa wachache mno. Alichofanya aliporudi ni kwenda kufundisha sekondari, Pugu, mwaka 1953. Aliacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na siasa yenyewe ilipomfikisha Ikulu watu hawakumwita kwa cheo cha Ikulu, walimwita Mwalimu. Simtaji ili ujipime naye. Namtaja kwa sababu bila shaka baba mkwe wako anamheshimu, na siku moja mkiwa barazani, hasira zikiwa zimetulia, unaweza kumkumbusha habari hiyo taratibu, kwa adabu ya mkwe.

Lakini nisikufiche: muda unaweza kupotea kweli. Utapotea ukirudi na kufundisha vilevile ulivyofundisha mwaka ulioondoka, tasnifu ikabaki kabatini. Utapotea pia ukirudi na kuanza kuwafundisha walimu wenzako badala ya kuwafundisha watoto. Hilo la kwanza nimeliona kwa wengi. La pili nililifanya mwenyewe.

Nilirudi nikiwa nimesoma sana juu ya kujifunza kwa vikundi. Wiki ya kwanza nilipewa kidato cha kwanza, mkondo B, watoto themanini na wanne, madawati ya watu watatu yamekaliwa na wanne. Nikawagawa vikundi kumi na vinne vya watoto sita sita, kila kikundi karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito, swali ni juu ya kazi za mizizi. Kusogeza madawati peke yake kulimeza dakika kumi na tano, na kipindi ni dakika arobaini. Kilichofuata unakijua bila kuambiwa: katika kila kikundi mmoja aliandika, mmoja alimtazama anayeandika, wanne walipumzika. Kengele ikalia. Mwalimu wa Hisabati akaingia akakuta madawati yameelekea pande zote nne za dunia, akaanza kuyarudisha pamoja na watoto, dakika zake zinakwenda. Hakusema kitu siku ile. Ijumaa, tukiwa tunakunywa chai, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, vikundi vyako ninavilipia mimi."

Maneno yale yalinikaa kooni wiki nzima. Nadharia haikuwa na kosa, watoto hujifunza wakizungumza wao kwa wao, na hilo sitaacha kulisema. Nilichokosea ni kudhani kwamba jambo nililolisoma litaingia darasani likiwa zima, kama kabati linavyopitishwa mlangoni. Darasa la watoto tisini lina mlango wake na upana wake. Baada ya pale nilifanya kikundi kuwa ni dawati: wanne walioketi pamoja, hakuna kinachosogezwa, dawati la mbele wanageuka nyuma ikibidi. Swali moja, dakika tano, basi. Na yule mwalimu wa Hisabati nilimwomba aje kukaa nyuma ya darasa aone. Alikuja, na mwezi uliofuata alikuwa akifanya vivyo hivyo kwenye sehemu na desimali, kwa namna yake, bora kuliko yangu.

Kuna daftari ambalo sijalisahau. Lilikuwa la binti mmoja wa darasa hilo, mtoto wa wakulima wa tumbaku, limejaladiwa kwa gazeti, mstari mwekundu pembeni umepigwa kwa rula kila ukurasa. Nilikuwa nasahihisha jioni. Ubaoni niliwahi kuandika neno moja la Kiingereza kwa haraka nikaruka herufi, naye alikuwa amelinakili vilevile, bila herufi ile. Sentensi nyingine niliifuta kabla sijaimaliza. Yeye alikuwa ameiandika mpaka pale nilipofutia, kisha nafasi tupu, kisha sentensi iliyofuata. Ukurasa ule ulikuwa picha kamili ya ubao wangu na haukuwa na chochote cha kwake. Katika jaribio alipata 6 kati ya 50.

Kesho yake nilimwita chini ya mwembe wa mbele ya ofisi nikamuuliza kwa Kiswahili: mzizi wa muhogo na mzizi wa mahindi vina tofauti gani? Alisitasita kidogo, akidhani ni mtego. Kisha akaeleza. Muhogo unaweka chakula chini, ndiyo maana ukiuacha shambani msimu mwingine bado unaukuta. Mahindi mizizi yake ni mingi na membamba, inatambaa juujuu, kwa hiyo mvua ya upepo ikija yanalala, na ndiyo sababu baba yake huyainulia udongo kwenye tuta. Dada yangu, hiyo ndiyo mada yangu nzima ya mizizi, pamoja na matumizi yake. Alikuwa nayo kichwani tangu siku aliyoingia darasani kwangu, na mimi sikuwa nimewahi kumuuliza kwa lugha aliyonayo.

Najua umesoma utafiti wa lugha ya kufundishia, hakuna anayefanya uzamivu wa elimu nchini asiukute. Wataalamu wetu wameandika juu yake kwa miongo kadhaa, na mradi wa LOITASA, wa kutafiti lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002, ulilinganisha hata madarasa yaliyofundishwa somo lilelile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mjadala huo ni muhimu na naomba usiuache. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi sera hutaibadilisha, na mtihani wa Jiografia wa watoto wako utakuja kwa Kiingereza. Nilichofanya mimi kilikuwa kidogo: kila kipindi nilianza na kitu ambacho mtoto anakijua, nikakiacha kizungumzwe kwa Kiswahili, halafu pembeni mwa ubao nikaandika maneno matatu tu ya Kiingereza ya siku hiyo. Matatu, si kumi. Mwisho wa kipindi kila dawati lilinipa sentensi moja ya kwao yenye mojawapo ya maneno hayo. Sentensi zilikuwa zimepinda. Nilizipokea zikiwa zimepinda, tukazinyoosha pamoja ubaoni, na hakuna aliyechekwa.

Wewe umebarikiwa kuliko mimi, maana somo lako liko nje ya dirisha. Watoto wako wanakariri habari za bonde la ufa kana kwamba ni nchi ya mbali, ilhali wanaogelea ndani yake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale panapozama zaidi, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, kwa sababu ardhi ilipasuka na kudidimia hapo. Watoto wa wavuvi wanajua ziwa linavyobadilika kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unaposhika nguvu. Wanajua mtumbwi hauendi siku zipi. Waulize hayo kabla hujawapa neno lolote la kitabuni, uone ni nani watakaonyoosha mikono. Mara nyingi ni wale wa nyuma.

Na ukiuliza, ngoja. Hili nakuomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Mmarekani Mary Budd Rowe, katika utafiti wake wa miaka ya 1970, alipima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu mwenyewe. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Walimu walipoweza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya walianza kusema, na waliokosa la kusema wakapungua. Nililisoma hilo, nikalifaulu kwenye mtihani, nikaandika aya mbili juu yake katika tasnifu. Kulifanya kulinichukua muhula mzima. Sekunde tatu za kimya mbele ya watoto tisini ni ndefu sana, unajisikia kama umesahau somo. Nilianza kuweka vipande vitatu vya chaki mfuko wa koti. Nikiuliza, mkono unaingia mfukoni, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, navigusa polepole, ndipo namwita mtu. Huyo mtoto tayari anatafsiri swali kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na nyumbani kwao kwenu huko huenda anatoka Kiswahili kwenda Kiha, kisha arudi njia yote hiyo na jibu. Sekunde moja haimtoshi hata kuvuka mto wa kwanza.

Masuala ya makaratasi nitayapita haraka, ila usiyadharau. Peleka nakala zilizothibitishwa za vyeti vyako kwa mwajiri na ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) ziingie kwenye jalada lako. Kama umesoma nje ya nchi, cheti kipitie Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwanza. Kama ulikwenda kwa ruhusa yenye mshahara, soma tena mkataba uliosaini. Usipange bajeti ukitarajia kwamba cheti cha uzamivu peke yake kitabadili mshahara ukiwa darasani, kwa sababu muundo wa utumishi wa walimu umejengwa juu ya cheti, stashahada na shahada. Naona hilo ni kosa la mfumo, na nitaendelea kulisema kila nikipata nafasi, lakini ni afadhali ulijue sasa kuliko kulijua Machi.

Kuhusu chuo kikuu: ukikitaka kwa moyo wako, omba nafasi bila kuona haya, huko nako kunahitaji watu waliowahi kushika darasa. Soma matangazo kwa makini, kwani mengi ya vyuo vya umma hudai wastani wa juu tangu shahada ya kwanza, na wapo wenye uzamivu wanaokwama hapo. Njia nyingine iko karibu nawe. Mkoa wako una vyuo vya ualimu, Kasulu na Kabanga, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma. Kufundisha huko kwa muda, kwa kibali cha mwajiri, kungekupa watu wa kuzungumza nao lugha ya utafiti wako ukiwa na kiu nayo. Utakuwa nayo, tena zaidi wakati wa mvua, jioni, umeme umekatika na hakuna wa kumwambia ulichokisoma. Upweke huo ni halisi. Mimi uliniuma kuliko mshahara. Ninachokuomba ni kimoja: usikimbilie chuo kwa sababu ya aibu uliyopewa mbele ya watu.

Sasa wenzako. Mkuu wa shule umwone kabla shule hazijafunguliwa, ofisini kwake, na usiende mikono mitupu ya maneno. Mpe heshima ya kiti chake kikamilifu, usimkumbushe hata kwa utani kwamba ulimpokea. Yeye anakumbuka. Huenda ana hofu yako kuliko ulivyo na hofu yake, kwa sababu tangu ulipotetea tasnifu watu wa halmashauri wameshamuuliza, "Dokta wako anarudi lini?" Muulize swali moja tu: ni jambo gani la shule linalomnyima usingizi? Chochote atakachokutajia, kiandike. Kisha omba kidato cha kwanza. Walimu wengi huomba cha tatu na cha nne kwa sababu ndiko yaliko matokeo ya kuonekana. Ukiomba cha kwanza umewapunguzia wenzako mzigo, na umekwenda mahali ambapo ulichosoma kina kazi.

Zamu ishike kama kila mtu, uwahi kengele, usimamie usafi, uandike kitabu cha zamu. Andalio la somo uliandike, hata kama unajua mapungufu ya fomu yenyewe. Katika vikao vya muhula wa kwanza usitaje tasnifu yako wala usianze sentensi kwa "utafiti unaonyesha". Mwenye kutaka kujua atakuuliza, na atakayekuuliza wa kwanza mara nyingi ni mwalimu kijana anayeona haya, atakuja mkiwa wawili. Huyo mpe muda wako wote. Kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, watakutaka uwe mwezeshaji kila mara. Kubali mara moja moja, mara nyingine sema utakuwa mwandishi wa kikao, mwache mwenzako aongoze. Nimeona vikao hivyo vikifa kwa sababu mtu mmoja alijua kila kitu.

Wakikuita Dokta, itika. Umekitolea jasho. Usikatae jina hilo kwa unyenyekevu wa uongo, na usilidai kwa asiyekuita. Itika kama unavyoitika jina lako, halafu endelea na kazi mliyokuwa mnafanya. Sauti hiyo unayoielewa huwa inaisha siku wanapokukuta stoo unahesabu madaftari pamoja nao. Kwangu ilichukua mpaka Mei.

Nimeacha mwisho jambo lililonifanya niandike kwa urefu namna hii. Umesema shule yako iko kijiji cha wavuvi. Mwingereza Lawrence Stenhouse, aliyefariki mwaka 1982, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitetea kwamba mwalimu ndiye anayefaa kuwa mtafiti wa darasa lake mwenyewe. Ukitaka kuona alichomaanisha, fungua daftari la mahudhurio la shule yako na uliweke kando ya kalenda yenye tarehe za mwezi mpevu.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, na mitumbwi mingi hupumzika siku hizo. Nadhani unajua wavulana wako wanakuwa wapi usiku wa giza, na wasichana wako wanakuwa wapi asubuhi inayofuata, dagaa wanapotandazwa juani. Lakini hilo ni dhana, na wewe sasa umefundishwa kutoiamini dhana mpaka imepimwa. Chukua madaftari ya miaka mitatu. Chora safu nne: tarehe, hali ya mwezi, wavulana waliokuja, wasichana waliokuja. Tumia Jumanne mpaka Alhamisi peke yake, maana Jumatatu na Ijumaa zina sababu zao. Na una kipimo kingine ambacho watafiti wengi hawakipati: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Toa likizo ya katikati ya mwaka, linganisha siku zilizobaki na siku kama hizo za mwaka 2023. Kama mahudhurio yalipanda ziwa lilipofungwa, umepata kitu. Kama yalishuka, umepata kikubwa zaidi, maana huenda nyumba zilikosa hela na watoto wakaenda kutafuta vibarua, nawe itabidi uulize upya.

Fanya kazi hiyo na wenzako wawili, mmoja awe mwalimu wa Hisabati. Mkuu wa shule aruhusu kwanza, majina ya watoto yasitoke nje ya ofisi, na ikiwa siku moja mtataka kuichapisha, tafuteni kibali cha utafiti mapema. Mkikuta kwamba mwezi ndio unaoendesha darasa, mtakuwa na la kufanya bila kusubiri fedha ya mtu. Mada mpya na majaribio yatawekwa wiki za mbalamwezi. Wiki za giza zitakuwa za marudio na masomo ya ziada ya alasiri, saa ambazo aliyetoka ziwani ameshalala kidogo. Mtakwenda mwaloni kuzungumza na viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, mkiwa na karatasi yenye hesabu za watoto wao, si lawama. Na yule mkuu wa shule atakuwa na jibu la kupeleka halmashauri lililotoka shuleni kwake, kwa walimu wake. Hapo jina lako si lazima liwe la kwanza kwenye karatasi.

Madaftari ya zamani yasipokuwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma yatakuwa stoo, chini ya vitabu vya mtaala uliopita. Yatafute wiki ya kwanza, kabla mchwa hawajakutangulia. Ukishajaza ukurasa mmoja wa hizo safu nne, nitumie niuone.